Viporo vya Desemba

Kwa misimu kadhaa nilisoma mafaili ya waombaji katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja kidogo cha binafsi, Pennsylvania. Si kazi ya kudumu. Ofisi za namna hiyo huajiri wasomaji wa msimu: walimu wastaafu, akina mama waliomaliza kulea, na watu kama mimi waliokwenda kusoma wakabaki. Unafundishwa kidogo, unapewa nywila, unaanza Novemba, unaachia Machi. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa walinipa mafaili ya Afrika Mashariki, na juu yake wakaniongezea vijana wa New Jersey, maana ya kwetu peke yake hayakutosha kumlipa mtu mshahara.

Kundi lililonikera kuliko yote lilikuwa la wale walioomba mapema, wakajibiwa Desemba kwamba wangoje. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nikiwaita viporo, kama watangazaji wa mpira wanavyoziita mechi zilizoahirishwa. Kila mwaka ikifika katikati ya Desemba simu yangu haitulii. Mtoto wa fulani kaahirishwa, je, ndiyo kusema nini? Afanye nini? Kuna matumaini? Nimejibu maswali haya kwa sauti za WhatsApp mpaka nimechoka, kwa hiyo naona niyaandike mara moja.

Kwa asiyejua mpangilio wenyewe, vyuo vingi vya Marekani vyenye ushindani hupokea maombi kwa awamu. Ya mapema hufungwa Novemba 1 au 15 na majibu hutoka katikati ya Desemba. Ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu mwishoni mwa Machi. Kwenye maombi ya mapema ipo aina inayomfunga mwombaji, ile inayoitwa Early Decision: unachagua chuo kimoja, wewe na mzazi na mshauri wa shule mnatia saini kwamba ukikubaliwa utakwenda na maombi mengine utayaondoa. Ipo na Early Action, ambayo haikufungi, ingawa baadhi ya vyuo hukukataza kuomba mapema kwingineko. Desemba unajibiwa moja kati ya matatu: umekubaliwa, umekataliwa, au umeahirishwa, na faili lako litasomwa tena pamoja na ya Januari. Aliyeahirishwa kwenye Early Decision kiapo chake kimekwisha palepale. Hilo wazazi wengi hawalijui. Nimekutana na baba mmoja aliyemzuia bintiye kuomba vyuo vingine mwezi mzima, akidhani bado wamefungwa na ile saini.

Kusomwa tena ndiko watu wanakokuelewa vibaya. Wanadhani faili linafunguliwa upya, na mtu mwingine anaketi na kikombe chake cha kahawa na kumsoma mtoto tangu jina. Ofisini kwetu haikuwa hivyo, na kwa ninavyowajua wenzangu wa ofisi nyingine, kwao pia si hivyo.

Mara ya kwanza, Novemba, tulikuwa tukisoma wawili wawili. Mtindo huo ulianzia University of Pennsylvania mwaka 2013 hivi, kisha vyuo vingine vikauiga. Mnaketi na skrini mbili na faili moja. Mmoja anaitwa dereva, anashika alama, taarifa ya shule na barua za walimu. Mwingine ni abiria, anasoma insha na orodha ya shughuli. Mnasoma huku mnazungumza, na baada ya dakika kumi au zaidi kidogo mmeshakubaliana na kuandika maoni. Dakika kumi, naam. Mtoto ameandika insha ile tangu Juni.

Januari hakuna wawili wawili kwa viporo. Maombi ya awamu ya kawaida yanakuja kama mafuriko, na ofisa wa kanda anavipitia viporo vyake peke yake, akianzia na nini? Akianzia na yale maoni ya Desemba. Faili haliji jeupe. Linakuja na sentensi yake juu. Nakumbuka moja niliyoiandika mimi na mwenzangu, ya kijana wa New Jersey: hisabati safi, walimu wanamsifu, insha haikutuonyesha mtu, tungoje alama za Januari. Ofisa aliyelifungua Februari hakuisoma insha tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye alama za Januari kwa sababu ndivyo tulivyomwambia. Zilikuwa zilezile za Novemba, nzuri, wala hazikupanda wala kushuka. Akabonyeza hapana. Kwa kijana yule, kudumisha alama ilikuwa mafanikio. Kwa faili lake, lilikuwa jambo lisilobadilisha kitu.

Kwa hiyo swali la Februari huwa hili: je, kumekuja kitu cha kuifuta ile sentensi? Kama hakuna, sentensi inabaki na jibu linabaki.

Nikijumlisha niliyoyaona, watu waliahirishwa kwa sababu za namna tatu, na barua waliyopelekewa ilikuwa moja, neno kwa neno. Wa kwanza ni wale tuliotaka kweli kuona jambo fulani: alama za muhula, mtihani uliorudiwa, namna watakavyosimama mbele ya kundi kubwa la Januari. Wa pili ni wa heshima. Mtoto wa aliyesoma hapo zamani, mtoto wa shule inayotuletea wanafunzi kila mwaka, mtoto wa mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa maktaba. Huyu hataingia na kila mtu katika chumba cha kikao anajua, lakini Krismasi iko mlangoni na hakuna anayetaka kupokea simu ya mzazi wake. Basi anaahirishwa. Mimi nilikuwa upande wa waliotaka kumkataa palepale. Kumwambia mtoto angoje miezi mitatu jibu ambalo tayari liko mezani si upole hata kidogo. Nilisema hivyo kikaoni, nikasikilizwa kwa adabu, na mwaka uliofuata tukafanya vilevile.

Namna ya tatu nitairudia, maana ndiyo yenye watoto wetu wengi.

Vyuo vyenyewe pia havifanani kwa hili, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapompoteza mtu. Desemba 2022 Harvard ilipokea maombi ya mapema 9,553, ikakubali 722, na wengi mno wa waliobaki ikawaahirisha. MIT mwaka huohuo iliahirisha takriban theluthi mbili. Georgetown kwa miaka mingi haikumkataa mtu kabisa katika awamu ya mapema: usipokubaliwa unasogezwa mbele, basi. Kisha Stanford huahirisha wachache sana na kupendelea kumaliza maneno Desemba, na Yale siku hizi hukataa wengi zaidi kuliko inaowaahirisha. Sasa kijana wa Harvard na kijana wa Stanford wote wameahirishwa, lakini hawakuambiwa jambo moja. Wa Stanford kuna mtu alimpigania chumbani. Wa Harvard huenda hakuna aliyemtaja.

Oktoba 2018, ile kesi ya Students for Fair Admissions, chama kilichodai kwamba Harvard inawabagua waombaji wenye asili ya Asia, ilipokuwa ikisikilizwa Boston, ofisi nzima tulikuwa tukisoma habari za mahakamani wakati wa chakula cha mchana. Nchi ilikuwa ikibishana kuhusu rangi, na kwa hilo kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa Juni 29, 2023. Lakini sisi tulivutwa na mambo madogo ya ufundi, kwa sababu tulijiona humo. Kamati ya watu 40 hivi wakipiga kura chumbani. Mafaili yaliyopewa namba, moja ikiwa bora kabisa. Na mwisho wa msimu, waliokubaliwa kwa muda wakizidi nafasi, inatolewa karatasi yenye majina na vijisafu vichache tu vya maelezo, na watu wanaanza kupunguzwa. Kimoja kati ya vile vijisafu kilihusu iwapo mwombaji anahitaji msaada wa ada. Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliposoma hapo aliliweka gazeti chini akasema, wao angalau wana karatasi. Kwetu ilikuwa kwa mdomo.

Desemba hiyo ya 2022 mimi nilikwisha kuacha kazi ile. Akanipigia mtoto wa kaka yangu, kutoka Likoni.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Sauti yako imekuwaje?”

Alikuwa ameomba Early Decision katika chuo kidogo cha kaskazini-mashariki, si kile nilichofanyia kazi, na jibu lilikuwa limetoka usiku uliopita. Kaahirishwa. Nyuma yake nikamsikia kaka: “Mwambie awapigie, yeye anawajua!” Simjui mtu hata mmoja pale. Lakini kaka yangu ana imani kwamba Wamarekani wote wanajuana, na ukiishi nao miaka ishirini basi na wewe umo.

Kijana alikuwa amefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, Machi 2022, maana korona ilikuwa imeivuruga kalenda ya shule, na matokeo yakatoka Aprili 23. Alama zake zilikuwa nzuri na zilikuwa kwenye faili tangu Novemba. Na hapo ndipo penye shida kwa watoto wa kwetu waliomaliza shule kabla ya kuomba. Mtoto wa New Jersey akiahirishwa, bado yuko darasani. Januari shule inatuma taarifa ya nusu mwaka, na faili linapata kitu kipya bila yeye kunyanyua hata kalamu. Mtoto wa Likoni hana muhula. Alichokuwa nacho chote walikwisha kukiona. Akikaa kimya, Februari faili lake litafunguliwa na kuonekana vilevile lilivyokuwa Desemba, na mnajua tena kitakachofuata.

Nikamuuliza, “Siku hizi unafanya nini?”

“Niko saiba tu shangazi. Nangoja.”

“Saiba unafanya nini?”

“Kazi za saiba. KRA, eCitizen, HELB, paspoti. Watu wanakuja, nawajazia.”

Saiba ni duka la kompyuta na intaneti, na hizo alizozitaja ni huduma za mtandaoni za kodi, za serikali na za mikopo ya wanafunzi. Nikamwachia azungumze. Akaniambia kwamba kilichokuwa kikimuudhi ni wazee. Mzee anapanda matatu kutoka Mtongwe, anakaa foleni saa nzima, akifika kwenye kompyuta hana namba ya PIN ya kodi, hakumbuki barua pepe aliyojisajilia, simu iliyosajiliwa ni ya mjukuu aliyeko Nairobi. Anarudi nyumbani bure na nauli imekwenda. Kwa hiyo kijana alichukua karatasi ya manila, akaandika kwa Kiswahili kwa kalamu nene, huduma moja moja: uje na nini, serikali inatoza kiasi gani, majibu huchukua muda gani, na mwisho kabisa “simu iliyosajiliwa iwe mkononi mwako”. Akaibandika mlangoni, nje, ili mtu asome kabla ya kupanga foleni. Mwenye saiba alinung’unika kwamba anafukuza wateja. Baada ya muda saiba za jirani wakaja kuipiga picha.

“Hii umeiandika kwenye maombi yako?”

“Hapana. Hiyo ni kazi ya saiba tu, shangazi.”

Kwenye maombi aliandika kwamba alikuwa makamu mwenyekiti wa klabu ya mdahalo na mwanachama wa klabu ya mazingira. Nimesoma makamu wenyeviti wa klabu za mdahalo mpaka siwezi kuwahesabu.

Kwanza nilimtuma arudi kuisoma ile barua ya kuahirishwa, mstari kwa mstari. Kila chuo huwa na kanuni yake kuhusu nini kitumwe na kipitie wapi. MIT, kwa mfano, ina fomu yake ya Februari ambayo waombaji wote huijaza, na mahali pa kuandika mapya ni humo. Vyuo vingine vinaweka kisanduku kwenye akaunti ya mwombaji. Vingine husema waziwazi, usitutumie kitu, na hapo kutii ndio busara. Nimeona vijana wakishindwa na jambo hili dogo: wameambiwa barua moja, wanatuma tano. Mwaka mmoja tulipokea barua ya mheshimiwa mbunge fulani wa Afrika Mashariki, ina nembo na muhuri, ikimsifu kijana ambaye ni dhahiri mheshimiwa hakupata kumwona. Ilizunguka ofisini kama kichekesho. Ikaingizwa kwenye faili, kwa sababu lazima iingizwe, na haikumsaidia. Wamarekani nao wana vituko vyao: biskuti za nyumbani, kiatu kimoja kilichofungwa kwenye boksi, video za kuimba. Biskuti tulikula.

Chuo alichoomba kilikubali barua moja. Rasimu ya kwanza aliyonipelekea ilikuwa kurasa mbili. Ilianza kwa kusema ana furaha na heshima kubwa isiyo na kifani kuwaandikia, ikaendelea kuwashukuru kwa muda wao adhimu, ikaeleza historia ya chuo chao wenyewe, mwaka kilipoanzishwa na idadi ya vitabu maktabani. Ndivyo tulivyofunzwa barua rasmi shuleni, siwezi kumlaumu. Lakini msomaji wa Februari anakuwa na macho mekundu na mafaili mengi mbele yake, na historia ya chuo chake anaijua. Nikamwambia, futa ukurasa wa kwanza wote. Kisha futa kila mahali uliposema hiki chuo ni ndoto yako; kila mtu kasema. Tubakishe jambo ambalo msomaji anaweza kulirudia kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya wenzake bila kulitazama tena.

Kwa sababu hivyo ndivyo inavyokuwa. Kiporo kikifika mezani, ofisa wa kanda anapewa nafasi ndogo sana ya kusema. Husema sentensi mbili. “Huyu ni yule kijana wa Kenya tuliyesema tungoje” ndiyo sentensi ya Desemba, na ukimya unafuata. “Huyu ndiye aliyebandika karatasi mlangoni ili wazee wasipange foleni bure” ni sentensi nyingine kabisa, na kuna mtu atainua kichwa na kuuliza karatasi gani. Hilo tu. Sikumwahidi zaidi ya hapo.

Barua iliyokwenda ilikuwa fupi. Aya ya kwanza ilisema bado anakitaka chuo hicho. Ya pili ilieleza saiba, manila, mzee wa Mtongwe na simu ya mjukuu, pamoja na jinsi alivyobadilisha maandishi baada ya kugundua kwamba wazee wengine hawasomi bila miwani, akayakuza. Ya tatu ilitaja SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, aliourudia Desemba, alama za hisabati zikiwa zimepanda. Ya mwisho ilinipa kazi kuliko zote. Ushauri unaozunguka mitandaoni ni kwamba uandike, “mkinikubali nitakuja bila shaka”. Vyuo vinapenda sana kusikia hivyo, kwa sababu vinahesabu ni wangapi kati ya waliokubaliwa watakaofika kweli, na kila anayekwenda kwingine anawaharibia hesabu. Lakini mtoto asiye na ada hawezi kusema bila shaka. Akaandika kwamba atakuja ikiwa msaada utatosha, na kwamba chuo hicho bado kiko mbele ya vingine. Nilitaka iwe hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu nimeona ofisa akilinganisha ahadi ya Februari na fomu ya fedha, akatikisa kichwa.

Wakati huohuo nilikuwa namsaidia binti mmoja wa Nakuru, mtoto wa rafiki yangu. Huyu hali yake ilikuwa kinyume. Aliomba mapema huku akiwa bado hajafanya KCSE ya 2022, kwa hiyo chuo kilipelekewa alama za majaribio. Tunajua wenyewe shule za kwetu zinavyosahihisha mock: mtoto anabanwa makusudi asije akabweteka. Msomaji wa Marekani hana habari hiyo. Anaona B, anaandika B. Akaahirishwa. Januari 20, 2023 matokeo yakatangazwa, na binti akawa na A. Kazi iliyobaki ikawa kukifikisha kile kikaratasi cha matokeo huko, kikitumwa na shule. Sentensi ya Desemba ilikuwa imemtilia shaka kwa jambo moja tu, na sasa kuna karatasi ya kuifuta.

Lakini hebu angalia njia yenyewe. Shule ghali za Marekani zina mshauri wa vyuo ambaye akisikia mtoto wake kaahirishwa, anainua simu na kumuuliza ofisa wa udahili, jamani, tatizo liko wapi? Na anaambiwa, kwa lugha ya kuzungukazunguka lakini anaambiwa. Nimewahi kuzisikia simu hizo zikipokewa. Shule za serikali hukohuko Marekani hazina nafasi hiyo. Chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na majimbo mengi yamepita hapo mbali. Sasa shule ya Nakuru mshauri ni nani? Ni mwalimu mkuu, ambaye pia anashughulika na karo, mabweni, na wazazi waliojaa ofisini wakitaka vyeti. Binti alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ile siku nzima, akarudi kesho yake na karatasi ameshaiandika anwani ya barua pepe, kichwa cha barua, na maneno ya kutuma, ili mwalimu abonyeze tu. Mwalimu akabonyeza. Machi binti akakubaliwa. Kama ni ile A iliyomwingiza au ni mengine, sikuwemo chumbani.

Sasa nirudi kwa ile namna ya tatu.

Mwombaji kutoka nje anayehitaji msaada mkubwa wa ada, kwenye vyuo vingi, husomwa pamoja na mfuko wake. Vyuo vilivyotangaza kwamba havitazami uwezo wa mgeni wakati wa kuamua vilikuwa bado vichache sana kipindi hicho: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na mwaka 2022 wakaongezeka Dartmouth na Bowdoin. Kwingineko kuna fungu la fedha la wageni, nalo lina kikomo. Katika chumba chetu niliwaona watoto wakiahirishwa ambao hakuna aliyekuwa na neno baya juu yao. Kila mtu aliwapenda. Ila fungu lile halikuweza kuwabeba wote, na tukasema tuone Januari italeta nani. Vyuo vingi vya binafsi vyenye ushindani hujaza karibu nusu ya nafasi katika maombi ya mapema, na sehemu ya fungu hilo nayo huwa imekwenda. Kwa hiyo Machi kiporo wa namna hii anarudi mezani akikuta watu wameongezeka na fedha zimepungua.

Mtoto wa namna hii hana alama ya kuongeza wala insha ya kurekebisha. Barua nzuri inaweza kumsogeza mbele ya mwenzake mmoja au wawili, haiwezi kuongeza fedha. Na yeye hatajua kamwe, maana barua yake ni ileile ya yule wa heshima. Jamani, nimeona vijana wakijila roho mwezi mzima wakitafuta kosa katika insha zao. Mimi ningetaka vyuo viseme, tumekupenda lakini hatuna fedha za kutosha, tafuta na pengine. Sioni kwa nini haiwezekani kuandikwa.

Kujua hivyo ndiko kulikonifanya nimsukume mtoto wa kaka yangu atumie Desemba yake yote kwingineko. Barua ya kiporo ilichukua jioni chache. Maombi mapya ndiyo yaliyochukua siku za sikukuu. Kwenye taarifa wanazochapisha vyuo kila mwaka, zinazoitwa Common Data Set, kuna kipengele H6 kinachoonyesha chuo kiliwasaidia wageni wangapi na kwa wastani wa dola ngapi. Tulikaa na orodha hiyo, yeye Likoni mimi Pennsylvania, tukaviondoa vyuo vyenye majina makubwa vinavyotoa msaada kwa wageni watano au sita, tukaweka vyuo vya katikati ya nchi ambavyo kaka yangu hakuwahi kuvisikia. Kaka akauliza, “Dada, hivyo ni vyuo kweli?” Kipengele C7 cha taarifa hiyohiyo kinasema kama chuo huzingatia hamu ya mwombaji. Kikisema hakizingatii, usipoteze muda kukitumia barua za mapenzi.

Machi jibu la kiporo likatoka: awekwe kwenye orodha ya kusubiri. Yaani kiporo juu ya kiporo. Orodha hiyo huanza kuguswa baada ya Mei 1, siku ya mwisho kwa waliokubaliwa kuthibitisha, na kwa mgeni anayehitaji msaada kwa kawaida fungu limekwisha kabisa. Wiki hiyohiyo chuo kimoja cha katikati ya nchi kilikuwa kimempa karibu ada yote, pamoja na bweni na chakula.

Nikamwambia chaguo ni lake. Anaweza kuthibitisha huku na akabaki kwenye orodha kule, si kosa.

“Shangazi, mimi nimechoka kungoja,” akasema. Akajiondoa.

Kilichofuata ni hekaheka za fomu ya I-20, ile chuo humpa mgeni ili aombe viza, dola 350 za SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wageni, na ombi la viza lenyewe, ambalo alilipia 160 wiki chache kabla halijapandishwa hadi 185 mwezi Juni. Siku ya usaili ubalozini Gigiri walimuuliza amejuaje chuo hicho. Akaeleza kuhusu H6. Ofisa akacheka, akamkubalia viza, na jioni ile kaka akanipigia kuuliza kama bado nawajua watu wa kule kwingine, maana jirani yake ana binti anayeomba Novemba.